Mlango Unaotazama Milima

Uvira, mchana wa Jumapili

Dada Veronika,

Nimefika salama, ila joto la ziwa limeniloanisha shati lote. Mama mukubwa nimemkuta kwake Kasenga akikaanga ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, na nyumba yake sikuitambua. Mlango wa upande wa ziwa ameuziba kwa udongo, akafungua mwingine unaotazama milima.

Unakumbuka siku mwanawe Petro alipopanda meli kwenda migodi ya Katanga. Mama yake aliona maji yakiimeza meli, kwanza tumbo, mwisho moshi, akalia kama yuko kwenye matanga. Kwake dunia ilikuwa ungo, na Petro alikuwa ameanguka ukingoni. Katekista akamtuliza kwa chungwa: alitembeza punje ya muhindi juu yake mpaka ikarudi pale ilipoanzia.

"Basi mutoto wangu alienda na ziwa, atatokea milimani," ameniambia.

Habari ya kifo cha Petro mliyonituma niilete bado iko kinywani mwangu. Tulipokula alimtengea Petro samaki wake, kama kila siku, kisha akaniuliza:

"Weye ni mwalimu. Hii dunia iko mukubwa?"

"Iko mukubwa sana, mama."

"Ndiyo maana anakawia," akasema, akaifunika sahani kwa jani la ndizi.

Nikumbatilie watoto. Na muniombee nguvu ya kusema kesho, maana leo amenitandikia kitanda cha Petro, akaniomba nisifunge mlango.

Ndugu yako akupendaye,
Damasi