Sisi Hatufungi Meza

Jumanne, 4 Machi
Keshokutwa mwanangu analeta utafiti wake hapa sokoni! Uchumi — shahada ya pili, si mchezo. Anataka kujua mtoto akiugua, mama mwenye meza anafanyaje: anafunga au anaendelea kuuza? Nimemsimulia muuza nyanya mara tatu. Akasema, mama msomi, tumesikia, hata nyanya zimesikia. Wivu huo!

Alhamisi, 6 Machi
Kabla hajafika nikapita meza hadi meza. Jamani, msiniaibishe. Mkisema mnafunga-funga, watu wa chuo watatuona wavivu. Semeni hatufungi, mtoto tunamlaza chini ya meza, kazi inaendelea. Wakaitika wote. Muuza nyanya tu akanung'unika, mbona juzi nilifunga, mwanangu hoi kwa homa? Nikamwambia, hilo libaki tumboni.
Basi mwanangu kakaa na kila mmoja, anauliza, anaandika, utadhani waziri! Wote wamejibu vizuri. Nimefurahi hadi nikasahau kula.

Jumatatu, 24 Machi
Kaja nyumbani bila kupiga simu. Msimamizi wake kasema majibu yanafanana mno — wanawake arobaini, neno moja! Eti kajifungia chumbani akayapika mwenyewe. Ataitwa mbele ya kamati. Wakiamini hivyo, anafukuzwa.
Anarudia tu: Mama, niliwasikia kwa masikio yangu.
Nilikuwa naosha sufuria. Nikaiosha tena.

Jumanne, 25 Machi
Nimemwambia. Hakulia, hakunigombeza — heri angenigombeza! Kauliza tu, wote, Mama? Wote.
Nikasema, basi twende pamoja, nitawaeleza wakubwa zako kosa ni langu. Akacheka. Kicheko kibaya. Mama, wakiniona mwongo nafukuzwa. Wakijua uliwafundisha cha kusema, utafiti wote ni takataka, na muda wangu chuoni umekwisha, hawaniongezi hata siku. Nimeishia darasa la saba, lakini uchumi huo nimeuelewa mara moja.
Chai yake imepoa mezani. Sina hamu ya kuitoa.

Ijumaa, 4 Aprili
Niko kwenye benchi nje ya chumba cha kamati. Nimevaa gauni langu la kuendea harusini, na muuza nyanya kanisindikiza. Karani alitoka kuuliza, nani atathibitisha mahojiano yalifanyika? Nikanyoosha mkono hata hajamaliza. Nilishaapa moyoni: leo nasema ukweli, liwalo na liwe.
Kisha mwanangu akatoka kunywa maji. Amekonda, jamani. Akanifunga kifungo cha shingoni, akaninong'oneza: Mama, waambie walijibu wenyewe. Hukuwaambia neno. Nakuomba.
Hajawahi kuniomba uongo. Mimi nilimchapa kwa uongo mmoja tu, wa sukari!
Karani anasema nafuata mimi. Mlango uko nusu wazi. Mwanangu ananitazama toka ndani, anatabasamu kwa adabu ile niliyomfundisha mwenyewe.
Muuza nyanya kanisogelea. Mama msomi, ananiuliza polepole, na leo je, tuseme nini? —