Herufi Moja ya Mkurugenzi

Jumatatu, 4 Machi
Mtaalamu wa usalama wa kompyuta ameanza kazi hospitalini kwetu. Kiumbo ni kiduchu! Tumeshambatiza Bi Komeo, maana kila anapopita anafunga kitu. Kaja masjala, kanionyesha kwenye skrini yake watu wanaobahatisha nywila zetu ili waingie. Tangu asubuhi – mara elfu sita! Na mimi nakunywa chai tu. Kasema ndiyo hali ya kila siku, dada, utadhani anaongelea mvua.

Jumanne, 5 Machi
Kainua kibodi yangu, kakuta kikaratasi cha nywila. Aibu! Hakunigombeza. Kauliza tu kama na ufunguo wa nyumba nauacha chini ya zulia la mlangoni. (Nauacha.)

Jumatano, 6 Machi
Mkurugenzi atasaini mkataba wangu Ijumaa. Wa kudumu! Miaka tisa nimekuwa wa muda. Nisije nikaharibu.

Alhamisi, 7 Machi
Saa nne, barua pepe ya mkurugenzi: tafadhali fungua orodha hii haraka. Nikafungua. Skrini ikapepesa, basi. Ndipo nikaisoma tena. Tafadhali! Miaka tisa mkurugenzi anaandika "tafadhari", na hakuna aliyethubutu kumrekebisha. Huyu si yeye!

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini mafaili yote ya wagonjwa yamo humo, na la mama pia. Nikatoka mbio, viatu mkononi, hadi kwa Bi Komeo. Kaja mbio, kachomoa waya wa kompyuta yangu, kisha vile vidole kwenye kompyuta yake – sijapata kuona! Anafunga wodi, maabara, duka la dawa, hata kupepesa hapepesi. Mwizi alishapita milango miwili ya mtandao. Wa tatu kaukuta umefungwa. Nikamwonyesha ile L. Kaitazama mpaka nikaona haya. Kasema mashine zake zote hazikuiona.

Nikamwuliza kama atanitaja. Kasema wa kusema ni mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Kompyuta zote zimezimwa. Hospitali nzima inaandika kwa kalamu. Tarishi kapitisha kikaratasi cha mkurugenzi meza kwa meza: "Aliyefungua barua ile, tafadhari afike ofisini kwangu."

Tafadhari. Ni yeye kabisa! Nimecheka hadi machozi, kisha yakabaki machozi tu.

Niko kwenye benchi nje ya mlango wake. Mkataba nauona kupitia kioo, kalamu iko juu yake. Swali la kwanza litakuwa nilijuaje kwamba barua si yake. Nimwambieje? Mungu wangu – ananiita.