Sauti ya Kwanza Haimo Kwenye Kava

Nyegezi, Jumanne

Juu nimepaacha wazi kabisa, wala sikujua.

Leo nimempelekea Koku, kiongozi wa kwaya, kava la albamu yao. Nilikwisha kumweleza ninavyochora muziki: besi ni mistari minene chini, sauti nyembamba ni nyuzi za juu, kimya ni nafasi tupu.

Akacheka. "Mwalimu, sisi kina mama umetufukuza kwaya? Sauti ya kwanza iko wapi?"

Nikasema nitaongeza. Sikumwambia kwamba nilichora nilichosikia, na wimbo niliusikiliza mara sita.

Nimeufungulia tena sasa. Besi naisikia vizuri. Mke wangu amesimama mlangoni, midomo inacheza. Naogopa. Sijui kama anaimba au ananiita.