Watu Wanaohesabu Vijiko

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi la mbao linanikaba kifua. Mguu wako unaendeleaje? Na wale watundu wako wa darasa la tano?

Nimepata kazi kwenye karakana ya milango, na chumba kwa mjane mmoja jirani na hapo. Sasa sikia vituko vya watu wa huku. Jana mjane alinikaribisha chakula. Sijafuta hata mdomo, akavuta vijiko vyote juu ya kitambaa cha kijani, akavihesabu kimoja kimoja mbele yangu. Saba. Nilijipapasa mifukoni mwenyewe, nisije nikawa nimeiba bila kujua. Ndivyo walivyo hawa, dada: mkono mmoja unakukaribisha, mwingine unakukagua.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu unauma asubuhi tu, ukishapata moto unanyamaza. Barua yako niliisoma kwenye chumba cha walimu, tukacheka mpaka mkuu wa shule akaja kuuliza kulikoni.

Nina habari kubwa. Nimeteuliwa kuandika kitabu cha darasa la tano, somo la majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka. Miaka kumi na tisa ya kula chaki, hatimaye jina langu litakaa juu ya jalada. Lakini mpaka wenyewe sijawahi kuuvuka. Macho yangu huko ni wewe. Niruhusu nitumie habari ya vijiko.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo, na hongera sana. Naandika mbio mbio, tuna milango arobaini ya kumaliza. Tumia, na utie chumvi upendavyo. Watajuaje? Hawa hawasomi vitabu vyetu.

Mdogo wako

15 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama. Mwili wangu hauna neno, moyo ndio hautulii.

Nisamehe kimya cha miezi saba. Nimeoa. Nimemuoa binti wa yule mjane, ni mshonaji, na mwezi wa tatu tunatarajia mtoto. Nilikuficha kwa sababu najua redio ya kwetu inavyowasema watu hawa tangu askari walipofyatuliana risasi mpakani.

Mama mkwe haoni. Nilipofika alikuwa anaona vivuli tu, na alimficha hata mwanawe, akiogopa kunyang'anywa jiko lake. Alihesabu vijiko kwa vidole asije akavitupa pamoja na mabaki, kama alivyokwisha kutupa vingine. Mwanamke mmoja mwenye macho mabovu, mimi nimemfanya taifa zima. Kwa ajili ya ziwa moja tulilonyonya, nakuomba ulifute somo hilo.

Mdogo wako

3 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tunavuta siku. Hongera ya ndoa, ingawa imeniuma kuambiwa kama mtu baki. Nisalimie wifi.

Maji yamekwisha kumwagika. Kitabu kimechapwa. Mwenyekiti wa kamati ya vitabu alisimama akasoma kipande hicho kwa sauti, akasema hapo ndipo watoto wetu watakapojua sisi ni nani: watu wasiomhesabia mgeni vijiko. Nilimweleza habari ya macho ya mama huyo. Akaniuliza kama ndugu yangu ameshabadili uraia. Mwaka huu swali hilo si mzaha. Mwalimu wa hesabu aliulizwa hivyo hivyo, na mpaka leo hajarudi kazini.

Tena usinitwishe lawama zote. Ulicheka, nami nikacheka. Chumvi uliniruhusu wewe.

Dada yako

10 Februari

Dada,

Shikamoo. Wa huku wote wazima isipokuwa mimi.

Gazeti la hapa limechapa somo lako ukurasa wa kwanza. Mke wangu alikuwa akimsomea mama yake, mimi nanoa patasi mlangoni. Alipofika kwenye kitambaa cha kijani akasita. Akaitazama meza, kisha akanitazama mimi. Akaendelea polepole mpaka mwisho, pamoja na ile chumvi yako ya mjane kumpekua mgeni mifukoni.

Nilidhani mama atanifukuza. Badala yake akasema, "Tulikuwa meza moja, mwanangu. Ungeniuliza."

Mke wangu aliinuka. Alikunja nguo zangu akazipeleka karakanani. Huko ndiko ninakolala, juu ya milango ya watu. Mtoto akizaliwa sijui kama nitaitwa. Likitoka toleo la pili, fanya uwezalo. Nataka nimpelekee mke wangu kitabu kisicho na maneno yale. Sina kingine cha kumpelekea.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikuulizi hali, naijua. Mimi nipo.

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya kamati nzima nikasema somo lile ni uongo, kwamba yote tunayofundisha juu ya watu wale yametoka kwa kijana mmoja na mlo mmoja. Wakaniomba nitoke nje.

Msomee mama mkwe barua hii, na wifi asikie. Mwambie aliyeandika ni mimi, nilikuwa na hamu ya jalada, na nimemkosea. Mtoto akizaliwa niandikie hata mstari mmoja.

Jana tarishi aliniletea barua ya kunisimamisha kazi, na juu yake toleo la pili. Nililifungua nikiwa bado mlangoni. Jina langu wameliondoa. Maneno yako wameyaacha palepale.

Dada yako