Mwaka wa Hamsini Kizuka

Kizuka, 6 Machi 2022

Mwanangu Agneta,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta uko mzima, wewe na wanafunzi wako tisini. Mimi niko mzima kwa kiasi cha mtu wa miaka sabini. Magoti yanalalamika nikipanda shamba la juu. Ndugu yako Ayubu hajambo, yuko Minago na watu wa mitumbwi, hapa nyumbani anafika mara mbili kwa wiki.

Naandika kwa sababu simu ni ya Ayubu, na jambo hili sitaki alisikie bado.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja anaitwa Mariyamu. Ametoka kambini Tanzania, amepewa chumba na watu karibu na soko. Nilikuwa napalilia. Alisimama njiani, akanisalimia vizuri, akasema, "Baba, mimi ni binti wa mtu aliyepanda michikichi hii. Tulikimbia mauaji ya mwaka wa sabini na mbili, nikiwa na miaka kumi na moja. Sikuja kugombana. Nimekuja kuiona." Nilimwambia apite. Alitembea mstari mmoja mmoja, akigusa kila mti, kisha akanishukuru, murakoze, na akaenda zake.

Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani kwetu, kwenye benchi la akina mama. Unajua mimi ndiye ninayefundisha darasa la wakubwa. Tangu Januari tunasoma Walawi, na ni mimi niliyechagua. Siku hiyo tulikuwa tumefika sura ya ishirini na tano, ile ya mwaka wa hamsini, ambapo tarumbeta inapigwa na kila mtu anarudi kwenye ardhi ya baba zake. Niliisoma kwa sauti yangu mwenyewe. Katikati nikaanza kuhesabu kutoka sabini na mbili. Niliinua macho, nikaona yule mama hata hanitazami, anafuata kwa kidole katika Biblia yake. Nikawaambia watu koo linaniuma, tukafunga kabla ya saa.

Tangu siku hiyo nakula bila kusikia ladha. Wewe umesoma, unafundisha dini shuleni. Niambie kama sheria hii inamfunga mtu aliyebatizwa. Nijibu bila kunihurumia.

Baba yako,
Cubaka


Bujumbura, 27 Machi 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na magoti. Mimi niko hivyo hivyo, nachoka. Barua yako ilichelewa kwa sababu basi la Rumonge lilikaa siku nne bila esansi, mafuta hayapatikani, na mimi mwenyewe naenda shule kwa miguu siku hizi.

Uliniambia nisikuhurumie, basi nisikie. Sheria ile walipewa Waisraeli katika nchi yao. Wao wenyewe hatusomi popote kwamba waliwahi kuitimiza. Paulo aliwaambia Wagalatia kwamba Kristo alitutoa katika laana ya sheria, na anayejifunga kwa amri moja amejifunga kwa zote. Ukiishika hii ya mwaka wa hamsini, kesho utaacha kula kambare kwa sababu hana magamba? Utavua lile shati lako la nyuzi za aina mbili? Tumeokolewa kwa neema, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha hayo nikiwa mdogo.

Nimempigia mchungaji wenu Venanti bila kutaja jina la mtu. Anasema vilevile, kwamba hayo yaliishia msalabani.

Halafu huyo mama anaweza kuwa amechanganya shamba. Miaka hamsini ni mingi, alikuwa mtoto. Michikichi ile ilipandwa na babu, sisi sote tunajua. Tafadhali usitie sahihi karatasi yoyote. Na Biblia fungueni Zaburi kidogo, mpumzike.

Mtoto wako,
Agneta


Kizuka, 24 Aprili 2022

Mwanangu,

Amahoro. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeandika vizuri, kama mwalimu. Muhogo uko, mvua iko, Ayubu ana kikohozi kidogo ila kinapungua.

Babu yako hakupanda michikichi ile.

Tulivuka ziwa kutoka Kongo na kufika hapa mwaka wa sabini na nne. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Baba alipewa parseli ya shamba, na mkubwa mmoja wa serikali akatuonyesha mipaka kwa fimbo. Michikichi ilikuwa imesimama kwa mistari, mikungu imeiva, mingine imeanguka na kuoza chini kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuivuna. Nyumba ilikuwa imebomoka upande mmoja. Jikoni kulikuwa na mafiga, bado yana masizi. Niliuliza, "Baba, wenyewe wako wapi?" Alisema, "Wameondoka." Sikuuliza tena. Mlipozaliwa nikawaambia babu yenu ndiye aliyepanda, na mlivyokuwa mnafurahia kusikia, nikaizoea hadithi hiyo mpaka nikaanza kuiamini.

Samahani, Agneta. Nilipaswa kukuambia mapema.

Kuhusu neema sina ubishi. Nilibatizwa ziwani mwaka wa themanini na moja na najua kwamba sikulipia kitu. Wala sitafuti kuokolewa kwa shamba. Lakini Zakayo alishuka mtini akiwa ameshapokelewa, hakuna aliyemdai, na mdomo wake mwenyewe ukasema nitarudisha. Ninachojiuliza sasa ni hiki: mtu aliyesamehewa, akitaka kujua Mungu anapenda nini, atamuuliza nani? Mimi naona sheria inasema mambo hayo waziwazi.

Nilikwenda kwa mchungaji Venanti mwenyewe. Mama Mariyamu naye alikuwepo, amekuja kuandikishwa ushirika. Mchungaji alirudia kwamba Walawi imekwisha. Yule mama akauliza kwa upole, "Na fungu la kumi tunaloleta kila Jumapili limeandikwa wapi, mchungaji?" Mchungaji akasema hilo ni jambo lingine.

Mimi ndiye ninayesimama mbele kila mwaka kuwakemea watu juu ya fungu la kumi, na aya naitoa humo humo katika Walawi. Nilirudi nyumbani polepole.

Baba yako,
Cubaka


Bujumbura, 8 Mei 2022

Baba,

Shikamoo. Niko mzima. Sina mengi.

Niliwaambia hata wanafunzi wangu habari za babu na michikichi yake.

Kuna jambo ambalo na mimi sikukuambia. Tangu mume wangu aondoke nimehama mara tatu. Nimekuwa nikihesabu kwamba siku moja nitarudi Kizuka, nijenge chumba shambani, karibu na kaburi la mama, niombe uhamisho kwenye shule ya hapo. Ni hilo tu lililonifanya nivumilie. Usifanye kitu kabla sijafika. Nitakuja mwisho wa muhula, esansi ikipatikana.

Agneta


Bujumbura, 17 Julai 2022

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje na magoti? Muhula umekwisha na sikuja. Nilikaa siku mbili pale stendi, magari hayakutoka, nikarudi nyumbani na mfuko wangu.

Hujajibu. Ayubu amenipigia. Anasema ulisimama kanisani mbele ya watu wote, kwamba sasa tumekuwa wakimbizi kwa sababu ya kitabu, na kwamba amehamia Gatete na godoro lake. Alikuwa analia, baba. Ayubu sijamsikia akilia tangu tumzike mama.

Nilikuomba unisubiri. Niandikie mwenyewe, sitaki kusikia kwa watu.

Agneta


Kizuka, 14 Agosti 2022

Mwanangu Agneta,

Amahoro. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa na homa wiki mbili, kisha nikapona nikabaki sina nguvu ya kushika kalamu. Sasa niko afadhali, nakula.

Ni kweli ulisema nisubiri. Niliona kwamba nikikusubiri nitapata sababu ya kutofanya, na sababu nilishakuwa nazo nyingi.

Nilimfuata mama Mariyamu kule anakokaa. Alikuwa anafua. Nikamwambia, "Mama, nimefikiri. Nitakupa nusu ya shamba, upande wa juu." Nilidhani atafurahi. Alikamua nguo aliyokuwa nayo, akaitundika, ndipo akasema, "Nusu mtu anampa mwenzake katika kitu chake. Sema kwanza ni cha nani. Halafu tutazungumza habari za nusu."

Nikasema, "Mimi najua ni cha nani."

"Unajua wewe. Mimi nimekuwa nikiambiwa na watu wa hapa kwamba nimekuja kuiba."

Agneta, kutoa nusu ilikuwa rahisi. Hilo jingine lilinichukua wiki tatu.

Jumapili ya mwisho ya Juni nilisimama baada ya nyimbo. Nilisema michikichi ya shamba ninalokaa ilipandwa na baba wa mama Mariyamu, kwamba tuliikuta inazaa, kwamba nimewadanganya watoto wangu na nyinyi wote. Nilisema sijui kama sheria ya Musa inatufunga, wenye elimu watajua, ila nimeisoma kwa miaka arobaini kwa ajili ya kuwahukumu wengine na mara hii imenihukumu mimi. Nikakaa. Kuna wanne au watano mle ndani wanaokaa kwenye mashamba ya namna hiyo, nao walikuwa wanaangalia sakafu. Mchungaji Venanti alitangaza wimbo mwingine. Baada ya ibada aliniambia nipumzike kufundisha mpaka nipone, na wakati huo sikuwa hata mgonjwa.

Ayubu alinisubiri mlangoni. Aliuliza, "Na mimi umenipa nini?" Swali hilo ndilo linaloniuma, kuliko kunyang'anywa darasa.

Mama Mariyamu alikuja Jumatano. Shamba lote amelichukua, la juu na la chini, tumeandika kwenye ofisi ya zoni mbele ya mashahidi. Nyumba na kipande cha muhogo vinabaki mkononi mwangu mpaka nife, kisha vyake. Kaburi la mama yako halitaguswa. Hilo alilisema la kwanza, kabla sijauliza.

Utaniuliza kama nina furaha. Bado. Nimechoka tu, kama mtu aliyetua mzigo na mabega yanaendelea kuuma. Lakini nakula nasikia ladha.

Baba yako,
Cubaka


Bujumbura, 2 Oktoba 2022

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini homa haikurudi. Mimi niko mzima, shule imefunguliwa, mwaka huu wako tisini na sita.

Nimekaa na barua yako wiki sita. Mwanzoni nilikasirika hata nikaificha chini ya sanduku. Nilitaka kukuandikia kwamba umewatupa watoto wako ili ujisikie msafi. Labda bado nafikiri hivyo kidogo.

Juzi nilikuwa nafundisha amri kumi. Tulipofika ya mwisho, ya kutotamani nyumba ya jirani wala kitu chake chochote, nikaandika ubaoni na nikabaki nimesimama na chaki mkononi. Aya zote zile za neema nilizokutumia mwezi wa tatu, baba, nilizitafuta kwa ajili ya chumba changu. Nilikuwa natamani shamba la mtu na kuliita neema. Sijui nani mwingine naweza kumwambia hivi.

Ayubu nimeongea naye. Hataki kukusikia, lakini aliuliza kama magoti bado yanakuuma asubuhi. Nikamwambia aende aangalie mwenyewe.

Jambo la mwisho. Nyumba ninayopanga imeuzwa, mwezi wa kumi na mbili natoka. Uhamisho wa Kizuka umekubaliwa, direkteri wa shule yetu amenionyesha karatasi. Sina pa kulala. Muulize mama Mariyamu kama kuna mahali naweza kusimamisha chumba. Usimlilie. Mwambie tu mimi ni nani na nataka nini. Akikataa nitaelewa, au nitajaribu.

Mtoto wako,
Agneta


Kizuka, 23 Oktoba 2022

Mwanangu,

Amahoro. Homa haikurudi. Ayubu alipita Alhamisi, aliketi nje, alikunywa maji, akaenda.

Nilimuuliza mama Mariyamu jana. Alikuwa anachambua chikichi. Aliuliza, "Anafundisha darasa gani?" Nikasema la tano. "Ana watu wangapi?" Nikasema yuko peke yake. Aliendelea kuchambua mpaka mkungu ukaisha. Kisha akasema, "Kando ya muhogo, chumba kimoja na jiko. Asikate mti. Na aje aniombe mwenyewe. Nitakubali, lakini aje aniombe."

Njoo Ijumaa. Jumamosi tunakamua mawese, na mikono haitutoshi.

Baba yako,
Cubaka