Ubeti wa Mwisho ni Wangu

Jumatatu, 4 Juni 1990

Kupalilia kabichi tangu asubuhi. Mgongo umekataa.

Binti yangu Veronika karudi kutoka Mwembesongo, mjini. Kaleta sabuni ya kunukia, kandambili na kijitabu. Siku hizi ruksa, kila mtu anauza chochote. Hata wizi wa zamani unauzwa upya. Kijitabu ni kilekile cha nyimbo zetu za Kiluguru, za kumcheza mwali. Kimechapwa tena, karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu. Jaladani jina moja tu: Mwanahawa.

Nimekitupa kwenye kuni. Veronika kakiokota. Mjinga.

Jumanne, 5 Juni

Niandike basi, maana sina wa kumwambia.

Mwanahawa alikuwa shoga yangu. Nyimbo kumi na mbili. Kumi nilitunga mimi, mbili yeye. Mimi natunga shambani, yeye anaimba. Sauti yake asali, yangu kinu. Kabla ya Uhuru akashuka mjini kwa mchapaji, kwa kuwa yeye alijua kusoma na mimi sikujua. Kikatoka kitabu, jina lake peke yake. Vijiji vyote vikamwita fundi. Mimi nikabaki na jembe.

Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, kwa hasira. Neno la kwanza kuandika lilikuwa jina langu. Skolastika. Refu, lakini langu.

Alhamisi, 7 Juni

Nimegombana na Veronika. Mwanawe Tekla anatolewa ndani Jumamosi, tunamcheza. Na nani kaalikwa kuimba? Mwanahawa! Binti yangu wa kumzaa kanifanyia hivi.

"Mama, si ndiye mwenye nyimbo?"

"Mwenye nyimbo yuko mbele yako, anakumenyea mbaazi."

"Sauti yako imekwisha, mama. Yule watu wanamsikia mpaka kwenye kaseti."

Kaseti! Nimesema siendi, nina kazi shambani. Hakuna aliyenibembeleza. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Ijumaa, 8 Juni

Nimekichukua kijitabu kwa siri. Miaka yote nakichukia na sijawahi kukisoma. Kile cha kwanza nilikitia motoni kabla sijajua hata herufi moja.

Nimesoma polepole, kidole chini ya mstari. Maneno yangu yote yamo. Ubeti wa mwisho haumo. Kwetu mtunzi hujitaja kwenye ubeti wa mwisho, jina lake na la mama yake. Bila huo, wimbo ni mtoto wa kuokotwa. Nyimbo kumi, kanikata jina mara kumi. Mbili zake sikuzisoma. Za nini?

Basi naenda. Mwanahawa akifika mwisho wa ukurasa, nitasimama mbele ya wageni wote niimbe ubeti wangu. Aibike. Khanga nimeshapiga pasi.

Jumamosi, 9 Juni

Tekla kabebwa mabegani, shanga shingoni, mafuta yanang'aa. Nimelia kidogo.

Mwanahawa kaja na mkongojo. Kazeeka kunishinda. Nimefurahi. Halafu kafungua mdomo. Sauti ileile. Nikamchukia upya.

Kaanza wimbo wangu mkubwa. Wanawake wanafuata kwenye vijitabu. Mwisho wa ukurasa wakanyamaza, na ngoma zikanyamaza. Nikasimama. Sijafungua mdomo, Mwanahawa kaendelea peke yake. Aliyetunga ni Skolastika, mwana wa Konstansia, asiyejua aulize. Ubeti mzima. Hakukosea neno.

Nami nimesimama kama mlingoti.

"Skola, cheza au kaa, unawaziba watu!" kasema Mwanahawa.

Wamecheka wote. Nimecheza. Goti limenikomesha.

Baadaye tumekaa mkeka mmoja. Kasema mchapaji alidai karatasi haitoshi, kila wimbo ukurasa mmoja, akakata mikia yote, zile beti za mwisho. Jina la jaladani akaandika la huyo aliyesimama mbele yake.

"Si ungemwambia majina ni mawili?"

"Ningemwambia. Lakini nililiona jina langu, likanipendeza. Nikanyamaza."

Angalau hakudanganya.

"Nilikuja kwako mara mbili kukuomba radhi, Skola."

Kweli alikuja. Mara ya kwanza nilimfungia mlango. Mara ya pili nilimmwagia maji ya vyombo. Sikumwambia samahani. Nimempa kabichi mbili, zile kubwa.

Jumapili, 10 Juni

Misa. Uji. Nyumba kimya, wageni wamekwenda.

Nimeazima kalamu ya Tekla nikaandika beti zangu kumi chini ya kurasa. Nafasi finyu, nimebananisha. Kisha nikafungua zile mbili za Mwanahawa. Nazo hazina mkia. Mikia yake naijua, aliitunga tukipalilia, mimi namsikiliza na kumwonea wivu hata wakati ule.

Nimefunga kalamu, nikaifungua tena. Nimeandika. Mwanahawa, mwana wa Zena.

Herufi zake nimezifanya ndogo kuliko zangu.