Simba wa Jiwe kwa Golnesa

Kambi ya Vibarua,
Asaluye.
Tarehe 9, mwezi wa Aban.

Mpendwa Ami Faramarz,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto na moshi wa mitambo ya gesi. Goti linaendeleaje? Kondoo wameshateremka salama kutoka malisho ya kiangazi? Na ile miti ya jozi, mwaka huu imezaa?

Mimi ni mzima, ila mgongo. Kutwa nabeba mabomba na zege, na jioni siwezi hata kuinama kufungua viatu. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Niliishia darasa la tano, Ami, kwa hiyo sitazunguka.

Fundi Heidar ameniambia ulikwenda karakanani kwake ukamwamuru aache kuchonga simba wa kaburi la binti yangu. Ulimwambia, "Simba hawekewi mtoto wa kike. Mchongee kitana na mkasi, yatosha." Akaweka patasi chini, akisubiri sisi tuelewane.

Mimi kitana sikitaki.

Desturi naijua. Simba ni wa mashujaa, kitana na mkasi ni vya makaburi ya wanawake. Nikiwa mchungaji mdogo nilikuwa nikipanda migongo yao pale makaburini. Lakini Babu alipewa simba kwa lipi? Kwa kuua watu watatu kule bondeni, na wewe umetusimulia mara mia huku ukicheka. Golnesa aliishi miaka kumi na mmoja, hakuchinja hata kuku.

Hukuwepo Shiraz, kwa hiyo nisikilize. Pikipiki ilimgonga akitoka shule. Siku ya nne madaktari walituambia, baada ya kumpima na kumpima tena, kwamba ubongo umekufa na hatarudi. Kifua kilikuwa kikipanda kwa mashine tu. Daktari mmoja, mwanamke, akatuuliza polepole kama tungekubali kutoa viungo vyake wapewe wagonjwa. Nilitaka kumpiga. Parizad mke wangu ndiye aliyefungua mdomo.

"Moyo huu ukitiwa kwa mtoto mwingine, utapiga?"

"Utapiga, mama, Mungu akipenda."

"Basi uchukueni, na vyote vinavyofaa. Jahangir, weka sahihi. Usinitazame hivyo, weka!"

Niliweka. Moyo, ini, figo mbili, vioo viwili vya mboni za macho. Watu sita, Ami. Majina yao hatukuambiwa, wala hatukuyadai. Nitajie mwanamume mmoja kati ya wale waliolala chini ya simba aliyewatoa watu sita mdomoni mwa mauti na gizani.

Matangani ulisema mbele ya watu kwamba nimezika nusu mtoto, na kwamba siku ya kufufuliwa ataamka akipapasa. Nilinyamaza kwa heshima ya mvi zako. Leo sinyamazi. Aliyemuumba kutoka tone la maji atashindwa kumrudishia macho? Wewe meno yako yote yaling'olewa Isfahan. Utafufuka kibogoyo?

Sisemi kwamba haiumi. Parizad bado anamwekea sahani, kisha anairudisha kabatini. Mimi kuna siku najuta mpaka nauma blanketi, wenzangu kambini wasisikie. Lakini ukiniuliza kama ningeweka sahihi tena, ningeweka hata kabla hujamaliza kuuliza.

Jana nilimpigia Heidar. Alianza kunung'unika, "Bwana, ami yako atanivunjia karakana." Nikamwambia achonge, na mdomo auache wazi, meno yaonekane. Simba atakuja kwa lori Ijumaa, kabla ya arobaini. Shemeji Kiumars na wanawe watamshusha. Mimi nimeomba ruhusa ya siku tatu, na nisipopewa nitakuja vilevile.

Ukitaka kumzuia, kalia kaburi. Lakini ujue atakayekuja kukuondoa ni mama yake, na mimi sitamshika mkono.

Nisalimie Bibi Talat, mwambie dawa ya macho yake nitakuja nayo. Msalimie Kiumars na wote wa nyumbani kwake. Mungu akuponye goti na akuongezee miaka. Wewe ndiye uliyenilea baba alipofariki, na simba wa ukoo hasimamishwi bila mkubwa wa ukoo. Kamba ya mbele ya kumvutia kaburini tumekuachia wewe. Usipoishika, ataishika Parizad.

Mimi mwanao nikupendaye, hata katika ugomvi huu,
Jahangir